Hazina za fahirisi kwa akiba ya uzeeni: mwongozo wa kijana anayeanzia Nairobi

Ukitafuta mtandaoni namna ya kuwekeza kwa ajili ya uzeeni, maelezo mengi utakayokutana nayo yameandikiwa Mmarekani: fungua Roth IRA, jaza 401(k), nunua VTI (hazina ya hisa za Marekani), kisha usahau. Roth IRA na 401(k) ni akaunti za uzeeni zisizokuhusu, kwa kuwa zimeundwa na sheria ya kodi ya Marekani. Kununua VTI ukiwa Nairobi kunaweza hata kukuumiza, na sababu iko hapa chini. Ila wazo lenyewe ni zuri, na linafaa Kayole na Kilimani sawasawa: nunua soko zima kwa ada ndogo, uendelee kununua kwa miaka 30 au 40, na usihangaike kubahatisha ni hisa ipi itapaa.

Fahirisi ni orodha ya kampuni inayoongozwa na kanuni iliyo wazi: ipi inaingia, ipi inatoka, na kila moja ina uzito gani. Hazina ya fahirisi hukusanya pesa za wawekezaji wengi na kununua orodha hiyo ilivyo. Hakuna mtu anayelipwa kubashiri, na ndiyo maana ada yake ni ndogo. Vanguard ilianzisha hazina ya kwanza ya aina hii kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 1976, na tangu wakati huo ushindani umeshusha ada hadi sehemu ndogo ya asilimia 1.

Kabla ya hatua yoyote, tenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Akaunti ni sufuria. Hazina ndiyo kinachopikwa ndani yake. Sufuria huamua utakatwa kodi gani na lini utaruhusiwa kula. Kinachopikwa ndicho huamua pesa zitakua vipi. Utachagua vyote viwili, na kwa Kenya ni lazima uanze na sufuria.

Hatua ya 1: Ziba nyufa

Mkopo wa simu unaokutoza asilimia 8 kwa mwezi ni asilimia 96 kwa mwaka hata bila riba juu ya riba. Hakuna fahirisi duniani inayoweza kukimbizana nao. Ulipe kwanza.

Kisha weka akiba ya dharura ya matumizi ya miezi 3 hadi 6 kwenye hazina ya soko la fedha, ile watu huiita MMF. Pesa hizo hupatikana ndani ya siku chache, na riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Lakini MMF si hazina ya fahirisi wala si akiba ya uzeeni. Kazi yake ni kukuzuia usiuze hisa mwezi ambao soko limeanguka na kodi ya nyumba imefika. Vivyo hivyo kwa SACCO: ni chombo kizuri cha kukopea, lakini amana zake hazikupi umiliki wa kampuni zinazokua.

Hatua ya 2: Jaza sufuria yenye nafuu ya kodi

Mfanyakazi wa Nairobi anaweza kuwa na sufuria tatu za uzeeni: NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mpango wa pensheni wa mwajiri, na mpango binafsi anaoufungua mwenyewe. Zote zinasimamiwa na RBA, mamlaka ya mafao ya uzeeni iliyoundwa na sheria ya mwaka 1997.

NSSF si hiari kwa aliyeajiriwa. Sheria yake ya 2013 ilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya kesi ndefu mahakamani. Wewe unakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza asilimia 6, na kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa kimekuwa kikipanda kila Februari.

Mwajiri wako akiwa na mpango unaokuongezea kila unapochanga, anzia hapo. Mchango wa mwajiri ni faida unayoipata siku ileile, kabla hata soko halijafunguliwa. Uliza ofisi inayoshughulikia wafanyakazi swali hili: "Nikiongeza mchango wangu, nanyi mnaongeza hadi kiasi gani?" Wengi hufanya kazi miaka mingi bila kuuliza.

Sasa hesabu ya kodi. Tangu 27 Desemba 2024, mchango wako kwa mpango uliosajiliwa huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi shilingi 30,000 kwa mwezi (zamani ilikuwa 20,000), au asilimia 30 ya mshahara, kile kilicho kidogo. Mchango wa NSSF umo ndani ya kiasi hicho.

Chukua mtu anayelipwa shilingi 80,000. Asilimia 30 ya mshahara wake ni 24,000, kwa hiyo huo ndio ukomo wake. Kwa viwango vya NSSF vilivyoanza Februari 2026 anakatwa 4,800. Nafasi inayobaki ni 19,200. Akiweka 5,000 kwenye pensheni kupitia makato ya mshahara, PAYE yake, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inapungua kwa 1,500, kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wake iko katika daraja la asilimia 30. Kwenye akiba zimeingia 5,000, lakini mfukoni zimetoka 3,500.

Aliyejiajiri, awe fundi au muuza nguo wa Gikomba, hupata nafuu hiyohiyo anapojaza ritani kwenye iTax kabla ya 30 Juni. Atahitaji cheti cha michango kutoka kwa mpango wake, na cheti hicho kiombwe Januari, si wiki ya mwisho ya Juni.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hasa anapaswa kulijua. Mafao ya mpango uliosajiliwa hayakatwi kodi ukifikia umri wa kustaafu, ukitoka kwa ugonjwa, au ikiwa imepita miaka 20 tangu usajiliwe kuwa mwanachama. Saa hiyo huanza kuhesabu siku ya kusajiliwa, hata kama mchango wako wa kwanza ni mdogo. Mwenye miaka 24 akijisajili leo, anaufikia mstari huo akiwa na miaka 44. Usingoje mshahara mnono ndipo ujiandikishe.

Bei ya nafuu yote hii ni kufungiwa. Kabla ya umri wa kustaafu kanuni hukuruhusu kuchukua sehemu tu, na kinachotoka kabla ya masharti hayo kutimia hukatwa kodi. Ukistaafu kutoka kwa mpango wa pensheni, unapewa theluthi moja taslimu, na theluthi mbili zinakuwa malipo ya kila mwezi au ya kuchota kidogo kidogo. Mpango wa akiba ya wafanyakazi, ule uitwao providenti, hulipa zote kwa mkupuo. Soma hati yako ujue uko katika upi.

Hatua ya 3: Fungua kifuniko uone kinachopikwa

Mipango mingi binafsi huweka pesa za wanachama wote kwenye kapu moja, na kapu hilo hujaa zaidi hatifungani (bondi) za serikali, yaani pesa ambazo wawekezaji wameikopesha serikali. RBA huweka mipaka: hadi asilimia 90 kwa dhamana za serikali, hadi asilimia 70 kwa hisa zilizoorodheshwa, na asilimia 15 tu kwa uwekezaji wa nje. Mpaka huo wa asilimia 15 ndio unaoamua mengi. Hata meneja shupavu kiasi gani hawezi kuigeuza pensheni yako ya Kenya kuwa hazina ya fahirisi ya dunia. Kwa hiyo usiidai iwe hivyo. Ichukue kama sehemu yako tulivu yenye nafuu ya kodi, kisha ukuaji uutafute nje yake.

Kabla ya kutia sahihi, omba majibu kwa maandishi. Kapu liligawanywaje kufikia mwisho wa robo mwaka iliyopita, kwa asilimia? Je, kuna chaguo la ukuaji lenye hisa nyingi zaidi, na naweza kulichagua mimi mwenyewe? Ada zote kwa jumla ni kiasi gani kwa mwaka, ukijumlisha za meneja, za benki inayotunza mali na za msimamizi? Faida inayotangazwa ni kabla ya ada au baada ya ada? Nikitaka kuhamia mpango mwingine, inachukua siku ngapi na nitalipa nini?

Utakutana pia na hazina zenye dhamana za kampuni za bima, ambazo huahidi kwamba hutapoteza mtaji na hutangaza riba kila mwaka. Dhamana hiyo inalipiwa. Mtu wa miaka 60 ana sababu ya kuilipia. Wa miaka 25 ananunua mwavuli wa mvua itakayonyesha miaka 35 ijayo.

Kuhusu ada, hesabu yenyewe inatosha. Weka shilingi 60,000 kila mwaka kwa miaka 35, jumla milioni 2.1. Soko likikua kwa asilimia 10 kwa mwaka na ada ikiwa asilimia 0.2, utakuta karibu milioni 15.5. Soko lilelile, michango ileile, ada ikiwa asilimia 2, utakuta karibu milioni 10.3. Zaidi ya milioni 5 zimeliwa na tofauti ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo. Asilimia 10 hapa ni ya kufanyia hesabu tu, hakuna anayekuahidi. Ila ada inakatwa soko lipande lisipande.

Hatua ya 4: Chagua fahirisi kabla ya kuchagua hazina

Hapa ndipo wengi huruka. Wanauliza "hazina gani nzuri?" kabla ya kujiuliza "nataka kumiliki nini?"

Anza na za nyumbani, za Soko la Hisa la Nairobi (NSE). NSE 20 ni ya zamani, ni kampuni 20 zenye uzito unaolingana, na haihesabu magawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. NASI ilianza 2008, inabeba kampuni zote za Soko la Hisa la Nairobi kwa kadiri ya thamani yake, na kwa sababu hiyo Safaricom pekee huchukua sehemu kubwa mno. Ukinunua chochote kinachofuata NASI, umenunua Safaricom na wenzake, benki zikifuata. NSE 25 ni ya 2015, na NSE 10 ni ya 2023.

Sasa angalia jambo lisilopendeza kusikika. Januari 2007 NSE 20 ilipita pointi 6,000. Mwaka 2020, miaka 13 baadaye, ilikuwa chini ya 2,000. Magawio yalipunguza maumivu, lakini mtu aliyeweka uzeeni wake wote kwenye soko moja dogo alikaa muda mrefu sana gizani. Wala si ugonjwa wa nchi maskini: fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele Desemba 1989, na ilikivuka tena Februari 2024. Miaka 34 ni maisha yote ya kazi ya mtu.

Ndiyo sababu tunapendekeza kiini cha akiba yako ya nje ya pensheni kiwe fahirisi ya dunia.

FTSE All-World na MSCI ACWI hubeba kampuni kubwa na za kati za nchi zilizoendelea pamoja na zinazoinukia kama India, Uchina na Brazili. MSCI World, licha ya jina lake, ni nchi 23 zilizoendelea tu. Hakuna India wala Uchina ndani yake. S&P 500 ni kampuni kubwa za Marekani, takriban 500. Ukizichagua MSCI World na S&P 500 pamoja ukidhani umetawanya, kwa kweli umeirudia Marekani mara mbili, maana tayari ndiyo sehemu kubwa zaidi ya MSCI World. Na Kenya haimo katika yoyote kati ya hizo; FTSE na MSCI, mashirika yanayounda fahirisi hizo za dunia, yanaiweka kwenye kundi la masoko ya pembezoni. Ukitaka kumiliki kampuni za hapa, itabidi uzinunue kando.

S&P 500 ndiyo inayosifiwa zaidi siku hizi kwa sababu miaka 15 hivi iliyopita imekuwa yake. Kumbuka pia kwamba mwaka 2008 ilipoteza asilimia 37, magawio yakiwemo, na muongo wote wa 2000 hadi 2009 iliishia chini kidogo ya ilipoanzia. Hatujui muongo ujao ni wa nani. Fahirisi ya dunia haikulazimishi ujue.

Hatua ya 5: Sasa chagua hazina

Ukishachagua fahirisi, hazina kadhaa zitakuwa zinaifuata. Nyingi zinauzwa sokoni kama hisa na huitwa ETF. Zipitishe kwenye vichujio vifuatavyo, kwa mpangilio huu.

Kwanza, imesajiliwa nchi gani? Hili ni zito kuliko ada. Hazina iliyosajiliwa Marekani, kama VTI au VOO, hukatwa asilimia 30 ya kila gawio kabla halijakufikia, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si Mmarekani, utaijaza, lakini haitashusha kiwango hicho. Hazina iliyosajiliwa Ayalandi, zile zenye neno UCITS (alama ya hazina za Ulaya) kwenye jina, hukatwa asilimia 15 kwenye magawio ya kampuni za Marekani, na Ayalandi haikati kitu kwa mwekezaji asiye mkazi wake. Kama magawio ni asilimia 1.5 kwa mwaka, kwenye hazina ya Marekani unapoteza asilimia 0.45 ya mali yako, na kwenye ya Ayalandi 0.225. Tofauti hiyo peke yake ni kubwa kuliko ada nzima ya hazina nyingi za S&P 500.

Lililo baya zaidi ni kodi ya urithi ya Marekani. Asiye raia wala mkazi wa huko anasamehewa dola 60,000 tu za mali iliyoko Marekani, na hisa za hazina zilizosajiliwa huko zinahesabiwa kuwa mali ya huko hata kama umezinunua ukiwa mtaani Umoja, Nairobi. Zaidi ya hapo kodi hupanda hadi asilimia 40. Kijana husema dola 60,000 ziko mbali. Kwa akiba ya miaka 35 haziko mbali, na watakaohangaika na mamlaka ya kodi ya Marekani ni mke, mume au watoto wake. Hazina za Ayalandi hazimo katika kodi hiyo.

Pili, ada ya mwaka. iShares Core S&P 500 UCITS, yenye alama CSPX, hutoza asilimia 0.07. iShares Core MSCI World UCITS hutoza 0.20. Vanguard FTSE All-World UCITS iko katika eneo hilohilo. Ukiona hazina ya fahirisi inatoza zaidi ya asilimia 0.5, unahitaji sababu nzuri sana ya kuichukua.

Tatu, inalimbikiza au inagawa? Hazina inayolimbikiza huyarudisha magawio ndani yenyewe. Inayogawa hukutumia. Kwa akiba ya uzeeni chukua inayolimbikiza, kwa sababu gawio la dola 9 likiingia kwenye akaunti yako, ada ya kuliwekeza upya inaweza kulimaliza.

Nne, alama ya sokoni na sarafu. Hazina moja huuzwa London kwa alama zaidi ya moja. Vanguard FTSE All-World inayolimbikiza ni VWRA kwa dola na VWRP kwa pauni. Ya MSCI World ni IWDA kwa dola na SWDA kwa senti za pauni. Ndani ni mali ileile. Ukituma dola kisha ukabonyeza alama ya pauni, dalali atakubadilishia sarafu na kukutoza. Tena bei ikiwa kwa senti za pauni, 8,500 maana yake ni pauni 85. Kuna watu wamekimbia wakidhani hawawezi kununua hata moja.

Tano, fungua karatasi ya taarifa ya hazina na ulinganishe faida yake ya miaka 5 na ya fahirisi yenyewe. Pengo likikaribia ada, kazi inafanyika vizuri. Pengo likiwa kubwa mno kuliko ada, kuna gharama isiyotajwa. Usilinganishe faida ya hazina moja na ya nyingine inayofuata fahirisi tofauti. Huko utakuwa unachagua aliyeshinda jana.

Hatua ya 6: Njia ya kununulia, na gharama za safari

Kuna njia ya hapa nyumbani. Fungua akaunti ya CDS, ya kielektroniki ya kutunzia hisa zako, kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja, si lazima 100. Mwaka huohuo Satrix MSCI World Feeder ETF ya Afrika Kusini iliorodheshwa NSE, na hapo Mkenya akapata mlango wa MSCI World kwa shilingi. Jina lake linaeleza muundo: ni hazina inayolisha hazina nyingine, kwa hiyo soma ada za tabaka zote mbili. Absa NewGold, iliyoko NSE tangu 2017, hufuata bei ya dhahabu. Ni ETF, ndiyo, lakini si fahirisi ya kampuni, na dhahabu haitoi gawio.

Gharama za dalali pamoja na tozo za soko hukaribia asilimia 2 ukinunua, na vivyo hivyo ukiuza. Ubaya mwingine ni wembamba wa soko. Kabla ya kununua tazama bei ya anayenunua na ya anayeuza. Zikiwa zimeachana sana, weka oda yenye bei ya ukomo, yaani bei ya juu kabisa unayokubali kulipa, usikubali "bei ya soko". NSE huuza na kununua saa 3:30 asubuhi hadi saa 9 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa.

Njia ya pili ni dalali wa kimataifa mwenye kukupa soko la London. Ada ya kununua ni ndogo, lakini safari ya pesa ndiyo inayokula. Tuseme benki yako inakutoza dola 30 kwa jumla kutuma nje. Ukituma dola 100, umepoteza asilimia 30 kabla ya kununua chochote. Ukituma 600, asilimia 5. Ukituma 1,500, asilimia 2. Juu ya hapo kuna bei ya dola: benki ikikuuzia kwa 133 wakati bei ya kati ni 130, hiyo ni asilimia 2.3 nyingine, na haitaonekana popote kama ada. Pigia benki mbili au tatu uulize bei siku hiyohiyo. Kwa kiasi kizuri bei hujadiliwa.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: mpaka uweze kutuma angalau dola 1,500 kwa mara moja, tumia njia ya hapa. Ukifika hapo, fedha mpya zipeleke nje, na ulizokwisha kununua NSE ziache zilipo. Kuuza ili uhamishe ni kulipa asilimia 2 bila faida yoyote.

Soko la London hufunguliwa saa 4 asubuhi ya Nairobi na kufungwa saa 12:30 jioni wakati wa kiangazi chao. Majira yao ya baridi kila kitu husogea mbele saa moja. Nunua jioni, baada ya New York kufungua (saa 10:30, au 11:30 wakati wa baridi yao). Hapo ndipo tofauti ya bei za kununua na kuuza huwa nyembamba.

Njia ya tatu ni programu za simu zinazokusanya pesa za wengi na kuwanunulia ETF. Zinaondoa tatizo la ada ya kutuma, lakini uliza mambo mawili: hazina wanazonunua zimesajiliwa wapi, na mali inatunzwa kwa jina la nani. Wengine hununua za Marekani kwa sababu ni rahisi kwao.

Njia yoyote ile, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji), au ya RBA ikiwa ni pensheni, kwenye tovuti ya mamlaka yenyewe. Usitegemee picha ya cheti uliyotumiwa kwa WhatsApp. Pesa zilipwe kwa Paybill au akaunti yenye jina la mpango, kamwe si kwa namba ya simu ya ajenti. Na hazina ya fahirisi haiwezi kuahidi asilimia fulani kila mwezi. Anayeahidi hivyo anauza kitu kingine.

Hatua ya 7: Gawanya, kisha uweke mashine iendeshe

Mtu wetu wa 80,000 ana uwezo wa kutenga 8,500 kila mwezi. 5,000 zinakatwa kwenye mshahara kwenda pensheni, ambazo zinamgharimu 3,500. Zinazobaki 5,000 zinakwenda kwenye fahirisi ya dunia. Ile 1,500 ya PAYE isipotengwa siku ya mshahara, itaishia kwenye nyama choma bila kukumbukwa, na ndiyo maana hesabu yetu imeanza na zinazotoka mfukoni.

Hatifungani za ziada hazihitaji. NSSF na pensheni yake tayari zimejaa za serikali. Hapa vijana wengi hukosea: wanatazama kila akaunti peke yake, wanataka kila moja iwe na hisa kidogo, bondi kidogo, dola kidogo. Tazama vyungu vyote kama mlo mmoja. Akitaka hisa za Kenya, sehemu ya 10 hadi 20 ya kila 100 anazoweka nje ya pensheni inatosha, na akumbuke kwamba kazi yake, SACCO yake na shamba la ushago vyote tayari vimefungamana na uchumi huuhuu.

Swali la sarafu huulizwa sana. Utazeekea hapa na utanunua unga kwa shilingi, sasa dola za nini? Mwaka 2010 dola ilikuwa karibu shilingi 80. Leo ni karibu 130. Lakini haiendi kwa mstari ulionyooka. Januari 2024 ilifika karibu 160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa 129 hivi. Aliyekimbilia dola zote kwa hofu ile Januari alipoteza takriban asilimia 19 kwa hesabu ya shilingi, kabla soko halijasema neno. Dawa ni kununua kwa ratiba, si kwa hofu. Weka agizo la kudumu benki tarehe ya mshahara, na kwa njia ya London tuma mara moja au mbili kwa mwaka kwa tarehe ulizoandika kabla.

Hatua ya 8: Saa mbili kwa mwaka

Chagua siku moja, tuseme Jumamosi ya kwanza ya Februari, wakati viwango vipya vya NSSF vinapoanza. Omba taarifa ya pensheni na uhakikishe kila mchango uliokatwa kwenye stakabadhi ya mshahara umefika. Waajiri wengine hukata na kuchelewa kupeleka, na mapema ndipo ni rahisi kudai. Mshahara ukipanda, panua mchango mwezi uleule. Kama sehemu moja imevimba kupita mpango, usiuze. Elekeza michango mipya upande uliopungua.

Soko litakapoanguka kwa asilimia 30, na katika miaka 35 litaanguka zaidi ya mara moja, kazi yako ni kuacha agizo la benki liendelee. Michango ya miezi hiyo ndiyo hununua vipande vingi zaidi kwa shilingi zilezile.

Ukibadilisha kazi utaulizwa kama unataka kuchukua sehemu ya pensheni. Jibu la kawaida liwe kuihamishia kwenye mpango mpya au mpango wako binafsi. Wengi hupoteza akiba ya miaka 6 au 7 kwa kuigeuza kuwa gari au deposti ya nyumba ya kupanga, tena baada ya kukatwa kodi.

Mwisho, jaza fomu ya wanufaika katika kila sufuria, na uibadilishe ukioa, ukiolewa au ukipata mtoto. Andika kwenye karatasi moja jina la kila mpango, namba ya uanachama, namba ya CDS na jina la dalali, bila nywila, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo. Mali za kifedha ambazo hakuna aliyezidai kwa miaka hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, na warithi wasiojua kwamba zilikuwepo hawana pa kuanzia kuziulizia.